Alama Thelathini na Mbili Kati ya Thelathini

Dimani, Kibiti
20 Julai 2024

Dada Waride,

Assalaam aleikum. Kama umekaa, simama kwanza, maana unasoma barua ya mtu mwenye akili kuliko wote kati ya Kibiti na bahari. Sisemi mimi, imesema karatasi yenu. Nimejipima kwa kile kipimo chenu cha akili za wazee, mlichokitoa huko Korea, nikapata alama thelathini na mbili kati ya thelathini. Hizo mbili za juu nimejiongeza mwenyewe kwa kazi ya kuwasahihisha Wakorea, kama utakavyoona huko chini. Na mimi Kidato cha Pili sikumaliza. Ningemaliza ingekuwaje?

Shikamoo. Sisi huku wazima. Mpunga ulichukuliwa wote na mafuriko ya masika, lakini maji yalipopungua tumepanda mahindi ya mlau kwenye tope lililobaki na yanakwenda vizuri. Baba katuma salamu kutoka Kilwa, kingine hakutuma. Bibi mzima, anakusalimu.

Ningekupigia, ila simu yangu ilitumbukia mtoni siku niliyovuka kwenda delta. Saa hizi nadhani kuna kiboko anaangalia picha zangu na kujuta kuzaliwa kiboko. Ndiyo maana nakuandikia, nimeitia barua kwenye bahasha moja na fomu zenu. Na barua ni bora. Kwenye WhatsApp mimi naandika maneno mia, wewe unanirudishia kidole gumba.

Sasa kazi. Ulisema unataka mtu anayejua Kindengereko, mwenye subira, anayeheshimu wazee. Kindengereko najua. Nimeshapima wazee kumi na wawili na habari ninayokuletea ni nzito: kwa mujibu wa Wakorea, Dimani nzima imechanganyikiwa.

Chukua Mzee Ussi, yule askari wa wanyamapori mstaafu, mwenye nyumba ya bati jekundu. Nilimkuta Alhamisi, ametoka kuswali magharibi. Namwuliza leo siku gani, akasema Ijumaa. Wewe unajua na mimi najua kwamba jua likishazama siku ya kesho imeshaingia, hata mtoto wa chuoni anajua. Karatasi haijui. Sifuri. Huu mwezi gani? Akasema Mfungo Nne, kwa hesabu ya mwezi mwandamo. Karatasi inataka Julai. Sifuri tena. Akaniuliza hao walionituma wana kalenda au hawana, na kama wanayo, mbona wanamsumbua yeye.

Halafu saa. Umeandika hivi: mzee achore saa, aweke mishale kwenye saa kumi na moja na dakika kumi. Mzee Ussi kachora saa nzuri kama ya msikitini, mshale mfupi kauweka kwenye tano, mahali pake pale pale unapokaa ikiwa saa kumi na moja. Naangalia karatasi ya majibu, inasema mshale ukae kwenye kumi na moja. Dada, mshale ukikaa kwenye kumi na moja huku ni saa tano. Watu wanawasha moto wa chakula cha mchana. Wazee kumi wameanguka swali hilo. Waliopita ni wawili tu, na hao wawili hawajawahi kuvaa saa tangu wazaliwe.

Nani alitafsiri? Ni wewe. Miaka mitano huko umesahau saa za kwenu. Nimekuandalia fomu, ukija tutakupima.

Mtaalamu wako,
Saadi

*

Gwangju, Korea
6 Agosti 2024

Mdogo wangu Saadi,

Waaleikum salaam, marahaba. Bahasha imefika, fomu zote zinasomeka isipokuwa moja yenye mchuzi. Mimi mzima. Huku ni joto la kuloweka nguo, na mwenye nyumba wangu, mama wa miaka themanini, ananiletea matikiti kila jioni, anakaa mlangoni mpaka nimalize kula. Ananikumbusha mtu unayemjua.

Kosa la saa ni langu, nimelikubali. Nilikuwa natafsiri kutoka Kikorea, mkono ukaandika kumi na moja kama walivyoandika wao, na kichwa kikalala. Nimecheka mpaka profesa akaja kuuliza kuna nini. Nilipomweleza hakucheka, alichukua daftari akaandika. Swali linabadilika. Mfungo Nne ni jibu sahihi kuanzia leo, na Ijumaa baada ya magharibi pia. Mwombe radhi Mzee Ussi kwa niaba ya Korea.

Nikueleze tena kwa nini tunahangaika, maana naona umeanza kudhani kazi yako ni kuwaangusha wazee. Huku kuna mabibi wengi ambao vita na umaskini viliwanyima shule. Walikuwa wakipimwa kwa kipimo cha zamani, chenye kusoma na kuandika, wanaambiwa mna ugonjwa wa kusahau, kumbe hawana ugonjwa wowote, hawakusoma tu. Na wengine waliosoma walikuwa wagonjwa kweli, kipimo kikawapitisha kwa sababu ya ujanja wa darasani. Ndipo kikatengenezwa hiki. Lakini kipimo chenyewe lazima kipimwe kwanza. Daktari anamwona mzee upande wake, bila kujua kapata alama ngapi. Wewe unamwuliza maswali upande wako, bila kujua daktari kasema nini. Baada ya wiki mbili unarudia. Mwisho tunaweka karatasi mbili pamoja tuone kama zinasema kitu kimoja. Huku Korea zimesema kitu kimoja. Tunataka kujua kama na Kibiti zitasema.

Kwa hiyo usifundishe mtu. Usimsaidie hata kwa kumkonyeza. Ukimsaidia mzee apate alama nzuri umemnyima dawa, umemnyima na watu wake nafasi ya kujua.

Mambo mawili ya mwisho. Fomu zako zinaanzia namba mbili. Namba moja iko wapi? Na la pili: umeandika kurasa nne, Mzee Ussi kapata ukurasa mzima, kiboko kapata mistari miwili, Bibi kapata maneno matatu. "Bibi mzima, anakusalimu." Bibi aliyetulea tangu mama alipofariki, maneno matatu?

Niandikie vizuri.
Dada yako Waride

*

Dimani
24 Agosti 2024

Dada Waride,

Assalaam aleikum na shikamoo. Sisi hatujambo. Mahindi yameanza kutoa mbelewele, nyani wameshafanya kikao cha kwanza kuyajadili. Bibi mzima sana, anakusalimu. Hayo manne, usiseme sikukuongezea.

Fomu namba moja ililiwa na mbuzi wa shangazi. Nilimnyang'anya akabaki na kona, akanitazama kama mimi ndiye mwizi. Nikafikiria kumpima na yeye.

Radhi nimeziomba. Mzee Ussi kazipokea hadharani, barazani kwake, mbele ya watu, na tangu siku hiyo anajiita Mwalimu wa Wakorea. Hapo ndipo balaa lilipoanza. Wiki mbili zilikuwa zimeshapita, nikaenda kuwarudia wazee. Unayakumbuka yale maneno matano ya kushika kichwani: mto, kofia, ngoma, paka, limau. Nafika kwa mzee wa kwanza, hata sijakaa mkekani, ananitolea yote matano. Wa pili hivyo hivyo. Wa tatu kiziwi, nilikuwa sijafungua mdomo. Nikajua kuna jambo. Kumbe Mwalimu wa Wakorea kaanzisha darasa. Kila baada ya alasiri wanakusanyika kwake wanafanya mazoezi, asiyekumbuka paka ananyimwa kahawa. Mpaka watoto wanarukia kamba kwa maneno yenu.

Nilimwambia umeharibu kazi. Akasema yeye kaokoa heshima ya kijiji. Hebu niambie, ukimwambia mzee kesho nakuja kukupima kama una akili, ulitegemea alale?

Wanyama nao. Ataje wanyama wengi awezavyo kwa dakika moja. Bi Salama, mjane wa mwadhini, kataja mbuzi, ng'ombe, paka, akakomea hapo. Namwambia bado muda, na wa porini je? Akasema wa porini hatajwi mtu akiwa peke yake nyumbani, atakuja. Aliyeliwa na simba hapa ni kaka yake mwenyewe. Sasa hapo naandika watatu, au naandika watatu na wengine wote anaowajua ila hawaiti? Waulize maprofesa. Na Mzee Ussi, ambaye wa porini walikuwa kazi yake, katiririka mpaka saa ikapiga, halafu akataka nimwongeze dakika kwa sababu hajafika kwenye panya.

Daktari Amal, yule mliyemleta kutoka Dar, alikuja siku tatu. Mtu mzuri, kila kitu ananiuliza mimi. Nikimaliza hapa nadhani atanipa hospitali. Kawaona wote isipokuwa Bibi, ambaye hakuwepo, alikwenda Umwe msibani.

Leta maneno mapya, yafiche vizuri.

Daktari Msaidizi (nimejipandisha),
Saadi

*

Gwangju
14 Septemba 2024

Saadi,

Waaleikum salaam. Natumaini mahindi yamewashinda nyani. Huku joto limepungua, na wiki hii watu wote wanakwenda makwao kuzuru makaburi ya wazee wao, maduka yamefungwa, mji kimya. Mimi nimebaki na kazi na matikiti.

Darasa la Mzee Ussi limemfurahisha profesa kuliko kitu chochote ulichotuma. Anasema huku pia mabibi walikuwa wakiuziana majibu kwenye foleni. Maneno mapya, matano matano, yamo kwenye bahasha ndogo iliyofungwa. Kila mzee orodha yake. Bi Salama mwandikie watatu, na pembeni uandike sababu yake kama ulivyonieleza, neno kwa neno. Hiyo pembeni ina thamani kuliko alama.

Sasa nisikilize, hapa sitanii.

Nimeongezewa miaka miwili huku. Sijajibu. Wanataka jibu langu kabla ya tarehe 31 Oktoba, na nikisaini siruhusiwi kuondoka mwaka mzima wa kwanza, hata kwa likizo. Nikikataa, narudi Desemba nyumbani, kazi inabaki nusu. Kitu kimoja tu kitaniamulia, nacho ni Bibi.

Nilipiga simu ya Mzee Ussi wiki iliyopita. Nikamwuliza Bibi hajambo? Akasema hajambo, kamwona jana amekaa uani kimya. Nimelala na neno hilo siku nne. Bibi Mwanabaraka, kimya? Mwanamke aliyekuwa akigombana na mvua?

Ana miaka sabini na tisa, anaingia kwenye utafiti kama wenzake. Mpime. Sitaki kusikia "mzima" wala "mzima sana". Nataka namba, nataka fomu yake hapa kabla ya mwisho wa Oktoba. Ikiwa chini ya kumi na nane sisaini, nakata tiketi. Ikiwa juu, nitabaki kwa moyo mweupe.

Mimi nakutegemea wewe, hakuna mwingine.

Waride

*

Dimani
6 Oktoba 2024

Dada Waride,

Assalaam aleikum. Barua hii nimempa dereva wa basi la Lindi aipeleke Dar ikakimbizwe, kwa hiyo ikiwahi mshukuru yeye, ikichelewa jua kasimama Mkuranga kula. Mahindi tumevuna, nyani wamepata sehemu yao kama ilivyo ada. Mikorosho imechanua. Mtoto wa shangazi kazaliwa, wa kike, anafanana na mimi kwa uzuri ila ana sauti mbaya.

Fomu ya Bibi hiyo hapo, namba kumi na nne. Nimempima mara mbili kama inavyotakiwa. Kapata ishirini na tisa kati ya thelathini, mara zote mbili. Ile moja aliyokosa ni dakika kwenye saa, kasema dakika ni mambo ya wafungwa. Unaona? Yule yule. Kamzidi Mzee Ussi alama mbili, nami nilihakikisha habari zinafika barazani, mzee hakunywa kahawa siku hiyo.

Kimya unachoambiwa ni uungwana. Bibi siku hizi ametulia. Na nikupe jambo la kukufurahisha: sasa ananiheshimu. Ndiyo, mimi. Umezoea ananiita mume wangu mbovu, kichwa kama kifuu, mla vya bure. Yameisha. Siku hizi nikiingia ananiambia karibu baba, ananisogezea kigoda, anauliza nimetoka mbali. Juzi kanipa maji kwa mikono miwili. Majirani wameona. Nadhani ni kwa ajili ya kazi yangu, mtu akishika kalamu hata nyumbani wanamwona mwingine.

Kwa hiyo saini. Usipoteze bahati kwa ajili ya uani na kimya. Sisi tupo.

Salamu kutoka kwa Bibi, maneno mengi mpaka nimechoka kuyaandika.

Saadi, mheshimiwa

*

Gwangju
17 Novemba 2024

Mdogo wangu Saadi,

Waaleikum salaam. Mpongeze shangazi kwa mtoto. Mimi sijambo. Huku majani yamedondoka yote, na mwenye nyumba wangu kanifundisha kutia chumvi kabeji za kuliwa majira ya baridi, mikono yangu inanuka kitunguu saumu mpaka kwenye fomu.

Barua yako iliwahi. Niliipata tarehe 28, nikasoma ishirini na tisa, nikakaa chini nikalia kwa furaha, na tarehe 30 nikasaini.

Ndiyo. Nimesaini.

Wiki hii ndiyo nimekaa kuingiza fomu za Dimani kwenye kompyuta, moja baada ya moja. Nikafika namba kumi na nne. Nikaingiza wanyama aliowataja Bibi kwa dakika moja. Mbuzi, kuku, kiboko, tembo, kangaruu, pengwini. Saadi, Bibi yetu amemjulia wapi pengwini?

Nikaweka fomu ya kwanza na ya pili pamoja. Wanyama wale wale, kwa mpangilio ule ule, pengwini wa sita mara zote mbili. Saa imechorwa kwa mkono ambao ninaujua, mkono uliokuwa ukinichorea saa kwenye kiganja nikienda shule, ili nisiulize watu. Nikatafuta karatasi ya Daktari Amal ya namba kumi na nne. Haipo. Nikamwandikia. Kanijibu kwamba kila alipokuja uliambiwa mlete Bibi, na kila mara Bibi alikuwa Umwe. Msiba gani huo wa siku tatu tofauti?

Lakini sikuhitaji hayo yote, na najionea aibu kwamba niliyahitaji. Ulikwishaniambia mwenyewe ukidhani unajisifu. Huku kuna mama mmoja kwenye utafiti wetu, mwanawe alimleta bila sababu yoyote ya kueleweka. Anakula, anavaa, anatembea. Tulipomwuliza basi umemleta kwa nini, akasema, "Ameacha kunigombeza." Tukaandika pembeni. Daktari alipomwona, ugonjwa ulikuwa umekwenda mbali.

Bibi kukusogezea kigoda. Bibi kukupa maji kwa mikono miwili, kukuuliza umetoka mbali. Mjukuu hapewi maji hivyo. Anayepewa maji hivyo ni mgeni.

Sitaki mzaha kwenye barua ijayo. Nijibu swali moja, halimo kwenye fomu. Bibi anakujua?

Waride

*

Dimani
12 Desemba 2024

Dada Waride,

Assalaam aleikum. Shikamoo. Shangazi hajambo, mtoto hajambo, mvua za vuli zimenyesha kidogo. Nimeandika barua hii mara tatu, mbili nimezichoma kwa sababu zilikuwa zinachekesha.

Pengwini ni kosa la kitaalamu. Nilimwona kwenye simu. Ndiyo, simu ninayo. Haikutumbukia popote, iko mfukoni, niliibadilisha laini tu ili usinipigie ukasema nipe Bibi niongee naye. Msiba wa Umwe haukuwepo. Na mbuzi wa shangazi hakula kitu, namsingizia tangu Agosti.

Fomu namba moja ilikuwa ya Bibi. Nilianza na yeye kwa sababu niliona ni rahisi, nifanyie mazoezi nyumbani, apate thelathini, halafu niende nikajisifu kwa wengine. Ilikuwa tarehe tisa Julai, asubuhi, tumekaa uani. Nilikuwa nimevaa lile shati jeupe ulilotuma na kitambulisho shingoni.

Mwezi, kasema masika. Nikasema moyoni mafuriko yamemchanganya, kila mtu yalimchanganya. Maneno matano, hakurudisha hata moja, ila alinisifu kwamba nayatamka vizuri. Nikampa kalamu achore saa. Akachora duara, safi kabisa, mkono hautetemeki. Akasema, "Huu mkate wa kumimina. Ukiiva uwakatie watoto." Mimi nikacheka. Nilijua ananitania, dada, wallahi nilijua ananitania, si unamjua. Nikangoja atukane kidogo ili nijue tumemaliza. Hakutukana.

Kapata kumi na moja. Niliijumlisha mara nne.

Halafu nikamwuliza swali lisilokuwepo kwenye karatasi. Sijui kwa nini niliuliza. Nikamwambia, Bibi, umelea wajukuu wangapi?

"Mmoja," akasema. "Waride. Yuko mbali, anasoma. Ana akili huyo."

Nikasema, na Saadi?

Akanitazama kwa adabu, akafikiri kweli, kama mtu anayetaka kumsaidia mgeni. Akasema, "Huyo simfahamu, baba. Kaulize nyumba ya pili."

Fomu nikaichana hapo hapo, vipande vidogo, nikavitia chooni. Nilijiambia naichana kwa ajili yako, usije ukaacha masomo. Uongo. Nimemfulia nguo miaka yote uliyokuwa huko, namtia maji ya kuoga, uji namkorogea mimi, nalala mlangoni kwake akikohoa, na aliyebaki kichwani ni wewe. Sikutaka ulisome hilo. Basi. Nilikuonea wivu.

Baada ya hapo nilimfundisha, kila siku, miezi miwili. Hakushika kitu. Fomu zote mbili nilizijaza mwenyewe, kitandani, na nikaona nimefanya kazi nzuri.

Juzi nilikwenda Kibiti hospitalini, nikamkuta Daktari Amal, nikamweleza yote. Hakunipigia kelele, afadhali angenipigia. Kesho yake alikuja akakaa na Bibi muda mrefu. Ametupa dawa za kusaidia kulala na kanieleza namna ya kumlisha. Kasema hazirudishi kilichokwenda. Kasema wagonjwa wengine, mtu waliyemshika kichwani wanamshika kwa muda tu, na kama kuna mtu anakumbukwa, aletwe mapema.

Umeuliza kama Bibi ananijua. Hanijui tangu Julai. Hilo nimeshalizoea, namwambia mimi naitwa Saadi, nimekuja kukuangalia, ananiambia ahsante baba, na tunaendelea.

Lakini mwezi wa Julai alikuwa anakujua wewe. Ningekuandikia kumi na moja, ungekuja Agosti, angekuita jina lako. Jana baada ya alasiri nilikaa naye pale pale uani nikamwuliza vile vile, umelea wajukuu wangapi. Akaanza kuhesabu vidole. Akafika cha mwisho, akarudi mwanzo, akahesabu tena. Nikamwambia, Waride je? Akasema, "Jina zuri. La nani?"

Ile miezi mitano ilikuwa yako, dada. Mimi ndiye niliyeila.

Saadi